Alama Hamsini

Husemwa elimu ni bahari.
Huku Naryn bahari hatuna.
Tuna mto, na mto huu kila Januari huganda
hata lori la makaa ya mawe likapita juu yake.
Basi mimi, Burulcha, daktari wa bonde hili miaka thelathini na minne,
nilidhani elimu yangu nayo imeganda vizuri,
inabeba uzito.

Alhamisi, saa nane mchana, kompyuta inafunguka.
Nyuso kumi na sita ndani ya visanduku:
Talas, Batken, At-Bashy,
mmoja yuko garini, amepanda kilima kuufuata mtandao.
Zamani tuliitwa mji mkuu mara moja kila miaka mitano,
mwezi mzima tukisinzia nyuma ya ukumbi,
profesa akisoma karatasi zilizokwisha kuwa manjano,
tukarudi na cheti, na viatu vya watoto.
Sasa hakuna mhadhara.
Mmoja huleta mgonjwa wake, bila jina,
na sote tunamzunguka.

Leo zamu yangu.
Mchunga farasi, miaka hamsini na minne,
kifua kimembana kama mshipi wa tandiko.
Nasoma: nilimpa hiki, nikampa kile,
nikamvika barakoa ya oksijeni.
"Kiwango kwenye damu kilikuwa ngapi?"
anauliza Aizirek, msichana niliyempokea mwenyewe duniani,
akitanguliza miguu.
"Tisini na nne."
Kimya. Huko Batken mtu anafyonza chai.
"Basi hakuihitaji, dada."

Hakuihitaji.
Wamepima maelfu ya watu, anasema kwa upole,
na hewa ya ziada haikumwongezea siku
yeyote ambaye damu yake haikuwa na upungufu.
Nami nawahesabu wangu.
Mitungi niliyoipandisha kwa farasi hadi malisho ya juu,
chuma kikigonga chuma njia nzima,
wake za watu walionishika mkono:
tazama, sasa anapumua.
Faraja ile nayo niirudishe?
Kwa nani?

Nilisomea jiji liitwalo Frunze.
Lisake leo kwenye ramani, hulioni.
Watu wake hawakuhama, barabara ni zile zile, mifereji ile ile;
jina tu lilibanduliwa
nasi tukajifunza kutamka jipya, tukikosea, tukicheka.
Jiji zima tuliliachia.
Mimi nimeng'ang'ania mtungi.

Vuli iliyopita walituletea sanamu la mpira, kwa gari.
Linakohoa, linavuja damu, linalalamika kwa Kirusi tu.
Lilinifia mikononi mara mbili kabla ya chakula.
Muuguzi Jyldyz alicheka, nami nikacheka,
kisha nikatoka nikasimama peke yangu penye theluji, bila koti.
Mara ya tatu likavuta pumzi.
Hakuna mjane aliyelipia mazoezi yangu.

Wizara inadai alama hamsini kwa mwaka.
Ninazo arobaini na saba.
Za leo mbili.

Usiku huo huo nikaitwa ng'ambo ya mto.
Mzee Toktogazy, jasho, mkono wa kushoto mzito.
Nikampa aspirini atafune, nikaita gari la hospitali,
nikambana kidole kwa kile kidude chenye taa nyekundu:
tisini na tano.
"Hewa, daktari," mkewe akanisihi, "mpe hewa!"
Mkono wangu ulikwisha fika kwenye begi.
Una mazoea yake, mkono huu, hauhudhurii Alhamisi.
Nikaukalia.
Ule mwingine nikamshikia mzee kifundo,
nikawa nahesabu kwa sauti ili mama asikie kwamba kuna cha kuhesabu.

Gari lilipofika, alfajiri, moyo bado ulikuwa unapiga.
Mama akanimiminia chai, nusu kikombe, kama mgeni wa heshima,
akanitazama kwa huruma.
"Umezeeka, Burulcha," akasema.
"Zamani ulikuwa unafanya mambo mengi."